Amplifaya ya sevo na kasi ya mashine ya kukereza

AMPLIFAYA ya sevo ni kifaa cha kielektroniki kinacholinganisha kasi iliyoagizwa na kasi halisi ya mota, kisha kurekebisha umeme uiendeshao ili tofauti hiyo iondoke. Katika karakana za nyumbani, hufungwa kwenye mashine ya kukereza inayoendeshwa kwa mota ya DC.

Haja ya kubadili kasi hutokana na unene wa kipande kinachokerezwa. Chuma laini hukatwa vyema uso wake ukipita kwenye kisu kwa mwendo wa takriban mita 25 kwa dakika. Kipande chenye kipenyo cha milimita 25 huhitaji mizunguko kama 318 kwa dakika; cha milimita 50 huhitaji 159 tu.

Njia ya zamani ni kuhamisha mkanda kutoka puli moja hadi nyingine. Mwaka 1891, Mmarekani Harry Ward Leonard alileta mfumo wa jenereta iliyoilisha mota volti za kupandishwa na kushushwa. Amplifaya nyingi za siku hizi hufanya kazi hiyo kwa kukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde.

Fundi huagiza kasi kwa kuzungusha kitufe kinachopeleka volti kati ya 0 na 10. Jenereta ndogo iliyoungwa na mota, iitwayo takojenereta, hurudisha volti zinazolingana na mwendo. Kisu kikizama na mota ikalemewa, volti hizo hupungua, nayo amplifaya huongeza mkondo papo hapo.

Usalama wa mfumo mzima umo katika waya huo wa kurudisha taarifa. Ukikatika, amplifaya huiona mota kuwa imesimama, hivyo huisukuma hadi kasi ya juu kabisa, na kipande kinaweza kuchomoka na kumjeruhi fundi. Ukiungwa kinyume, matokeo huwa hayo hayo. Ndiyo sababu jaribio la kwanza hufanywa mkanda ukiwa umeondolewa, kikomo cha mkondo kikiwa chini, na swichi ya dharura ikiwa karibu. Swichi hiyo yapaswa kukata umeme wa mota, si agizo la kasi pekee.

Wakati wa kufunga breki, mota hugeuka jenereta. Pasipo rezista ya kuupokea umeme huo, volti hupanda na zinaweza kuunguza kifaa. Aidha, kibano kilichokazwa kwa skrubu chaweza kufunguka mashine ikisimamishwa ghafla.

Hata hivyo, amplifaya hulinda kasi tu. Haiipi mota nguvu isiyokuwa nayo. Kwa kazi nzito ya mwendo wa polepole, puli bado zahitajika, na mota yenye feni kwenye mhimili wake hupoa kidogo tu izungukapo taratibu.

Kabla ya kugusa nyaya, fundi hana budi kuchomoa plagi na kupima volti za kapasita, kwani huweza kubaki na umeme hata mashine ikiwa imezimwa.