Kingamwili ya Mzio na Vipokezi Vyake katika Damu ya Watoto: Suala la Kipimo, 1906–2006

Dhana ya mzio ilizaliwa katika wodi za watoto. Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, pamoja na mwenzake Béla Schick, alichunguza watoto waliougua baada ya kudungwa seramu ya farasi, na mwaka 1906 akabuni istilahi ambayo lugha nyingi za Ulaya zingali zinaitumia. Kilichosababisha hali hiyo ndani ya damu hakikujulikana. Mwaka 1921, huko Breslau, Carl Prausnitz alijidunga ngozini seramu ya Heinz Küstner, aliyedhurika kila alapo samaki. Siku iliyofuata akadunga hapo hapo maji ya samaki, na ngozi ikavimba. Ilibainika kuwa mzio huweza kuhamishwa kwa seramu. Kwa miongo minne na zaidi, ngozi ya binadamu ndiyo iliyobaki kuwa kipimo, jambo lililowaweka waliojitolea katika hatari ya homa ya ini.

Ugunduzi wenyewe ulifikiwa kwa njia mbili. Kimishige na Teruko Ishizaka, katika taasisi ya utafiti wa pumu ya watoto mjini Denver, waliitenga kingamwili hiyo mwaka 1966 kutoka katika seramu ya watu wenye mzio wa chavua. Huko Uppsala, S. G. O. Johansson na Hans Bennich walikutana na protini ileile kwa mgonjwa mmoja wa saratani ya uboho. Mwaka 1968, chini ya Shirika la Afya Duniani, ikaitwa imunoglobulini E. Wasweden walikuwa na faida moja kubwa: mgonjwa wao alikuwa na protini hiyo kwa wingi, hivyo waliweza kutengeneza kipimo cha maabara. Johansson alikuta kiwango kikubwa katika damu ya wagonjwa wa pumu, na tafsiri ikaelekea kuwa nyepesi: kingamwili nyingi, mzio mwingi.

Tafsiri hiyo ilitikiswa mwaka huohuo wa 1968. Johansson, Mellbin na Vahlquist walipima damu ya watoto wa Ethiopia wasiofikia umri wa shule, wakakuta viwango vinavyozidi kwa mbali vya watoto wa Sweden. Sababu waliyoielekea ilikuwa minyoo ya tumbo, wala si pumu. Umuhimu wa matokeo hayo haujathaminiwa vya kutosha katika historia ya fani hii, kwa kuwa yalionyesha kwamba kiwango kilichoitwa cha kawaida kilikuwa cha watoto wa mahali pamoja tu.

Kwa nini basi mtoto mwenye kingamwili nyingi kiasi hicho asikohoe wala asiwashwe? Jibu lilitafutwa kwenye vipokezi. Ishizaka na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba kingamwili hii hujishikiza kwenye basofili za damu na seli za masti za tishu. Kizio kikiunganisha kingamwili mbili zilizo jirani juu ya seli, histamini hutoka. Katikati ya miaka ya 1970, watafiti waliofanya kazi Gambia walipendekeza kwamba kingamwili zitokanazo na minyoo hujaza vipokezi vyote, zile za chavua au vumbi zikakosa nafasi. Ni dhana yenye mvuto, lakini ilichukulia kwamba idadi ya vipokezi haibadiliki. Mwaka 1997 MacGlashan na wenzake waliwapa watu wazima wenye mzio dawa inayoikamata kingamwili hii. Vipokezi vya kila basofili vikashuka kutoka takriban 220,000 hadi takriban 8,300. Kingamwili ikipungua, vipokezi navyo hupungua, ikizidi, huongezeka. Nyumba iliyodhaniwa kujaa, kumbe huongezewa vyumba.

Ushahidi kutoka kwa watoto wenyewe haukukubaliana. Mjini Caracas, mwaka 1993, Lynch na wenzake waliripoti kuwa watoto wa mtaa duni waliotibiwa minyoo walipungukiwa na kingamwili kwa jumla, ilhali ngozi zao zilianza kuitikia vizio zaidi. Huko Gabon, mwaka 2000, van den Biggelaar na wenzake waliuhusisha ukimya wa ngozi za watoto wenye kichocho na intaleukini-10, kiashiria kinachotuliza kinga. Katika jaribio la Ecuador lililochapishwa mwaka 2006, shule zilizopewa albendazoli hazikuonyesha ongezeko la mzio.