Nani Alikuchagulia Sigara?

Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuteketeza mitaa mingi ya Istanbul, Sultani Murad wa Nne alipiga marufuku tumbaku. Adhabu haikuwa faini wala usiku mmoja seli. Ilikuwa kifo. Watu waliuawa kweli, na wengine bado wakavuta. Murad alifariki 1640, na karne haikuisha kabla ya serikali hiyo hiyo kuanza kuitoza tumbaku ushuru.

Uingereza nako, Mfalme James wa Kwanza aliichukia tumbaku vibaya sana. Mwaka 1604 aliandika kijitabu kizima cha kuikashifu, kisha akapandisha ushuru kutoka peni 2 hadi shilingi 6 na peni 10 kwa kila ratili. Yeye hakuua mtu. Alitaka tu uvute ukisikia uchungu mfukoni. Baadaye ushuru ukashushwa, na serikali ikazoea hizo pesa.

Kwa hivyo huu ubishi wetu, sigara ipigwe marufuku ama kila mtu aachiwe mapafu yake, una umri kuliko Nairobi. Lakini wanaobishana, pande zote mbili, huwa wanasahau kuuliza swali moja: hilo chaguo lenyewe lilitoka wapi?

Mmea wa tumbaku asili yake ni Amerika. Ulifika Afrika baada ya Wareno kuanza kuzunguka pwani zetu. Watu wa Pwani wakautafuna na tambuu, watu wa bara wakausaga ukawa ugoro. Katika jamii nyingi ugoro ulikuwa starehe ya wazee. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa mahali, lakini kulikuwa na macho. Kijana akionekana na ugoro angeulizwa ameutoa wapi na amekuwa mzee lini.

Sigara ya kiwandani ilivunja mpango huo. British American Tobacco iliingia Mombasa mwaka 1907. Sigara haikutaka kusagwa, haikutaka kibuyu, na haikuuliza umri. Ilitaka kiberiti na senti chache. Tena ilikuja na picha: mwanamichezo, mtu wa ofisi, mtu aliyefika. Waulize wazazi wako kuhusu matangazo ya Sportsman na Embassy, watakuelezea kama jana.

Hapo ndipo neno "hiari" linaanza kuyumba. Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha huko Uingereza utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Tarehe 4 Januari 1954, kampuni za sigara za Marekani zikajibu utafiti wa aina hiyo kwa tangazo katika magazeti zaidi ya 400, zikisema ushahidi haujatosha na kwamba zinajali afya ya wateja. Ilichukua hadi 2006 kwa jaji mmoja wa Washington, Gladys Kessler, kuamua kwamba kampuni kubwa za sigara zilidanganya umma kwa miongo mitano.

Sasa mfikirie babu aliyewasha sigara yake ya kwanza 1968. Alichagua, sawa. Lakini alichagua akiwa amefichwa nusu ya habari. Na nikotini nayo ikishakuzoea, haingoji uchague mara ya pili.

Kenya ilijaribu kurekebisha mambo ikiwa imechelewa. Mwaka 2006 Waziri wa Afya Charity Ngilu alitangaza kanuni za kuzuia uvutaji hadharani. Kampuni zikakimbia kortini, kanuni zikasimamishwa. Bunge likapitisha sheria kamili 2007, ikaanza kufanya kazi Julai 2008. Ukivuta mahali palipokatazwa, faini ni hadi shilingi 50,000 ama jela miezi sita. Kuuzia mtu wa chini ya miaka 18 ni kosa. Kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10 pia ni kosa. Kanuni za 2014 zilipoongeza masharti, BAT ilizipinga kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019.

Rudia hapo kwa sigara 10. Kisha tembea hadi kibanda chochote karibu na hosteli. Mozo moja inauzwa mchana kweupe, kiberiti kimefungwa kwa kamba dirishani. Kabla niachane na campus, mwenye kibanda nje ya geti letu alijua nani anavuta gani, na alikuwa anakopesha. Ukisikia mtu ameshikwa, mara nyingi ni mvutaji aliyejificha kichochoroni, si muuzaji. Mvutaji ndiye mwenye mia mbili ya kujikomboa.

Kwa wale wa "piga marufuku kabisa", historia yetu imeshawajibu. Chang'aa ilipigwa marufuku 1980. Haikuisha. Iliingia gizani, na gizani hakuna wa kupima. Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 Nairobi. Marufuku ya chang'aa ikaondolewa 2010. Shisha nayo ilipigwa marufuku Desemba 2017, lakini klabu ziliendelea kuiwasha milango ikiwa imefungwa. Januari 2024 mahakama ya Shanzu ikasema marufuku hiyo haikuwa halali kwa sababu kanuni hazikufikishwa Bungeni. Afrika Kusini ilizuia uuzaji wa sigara kwa karibu miezi mitano mwaka 2020. Bei zikaruka, na wavutaji wengi wakaendelea kununua kwa magendo.

Lakini wale wa "ni hiari yangu" nao wasicheke sana. Angalia Migori. Kwa miaka mingi mkulima wa huko "alichagua" tumbaku kwa sababu kampuni ilimletea mbegu na mbolea kwa mkopo na mnunuzi alikuwa anajulikana. Mwaka 2022, WHO, FAO na WFP pamoja na serikali walianzisha mradi wa kuwapa wakulima mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma, na soko la kuyauza. Wakulima wakaanza kung'oa tumbaku. Hakuna aliyewafungia. Walichowekewa mezani kilibadilika, na chaguo likabadilika nacho.

Kwa hivyo mimi simtafuti mvutaji. Mtu mzima akitaka kuvuta mbali na watoto wa wenyewe, avute. Marufuku ninayoitaka ni ya yule anayetega: sigara ya moja moja, vape yenye ladha ya embe, vifuko vya nikotini vinavyopangwa karibu na peremende. Hivyo havikutengenezewa babu wa 1968. Yeye tayari ni mteja, kama bado yuko hai.

Pakiti nzima ina bei ambayo mtoto wa miaka 15 hana. Mozo moja anayo. Ndiyo maana sheria ikaandika kumi, na ndiyo maana vibandani bado wanauza moja.