Jedwali Lililokisia: Risasi ya Marekani ya Mwaka 1906

Wapenda bunduki wana ubishi wao wa siku nyingi. Mmoja husema: hesabu zipo, soma jedwali, utajua risasi itashuka kiasi gani ikifika mita 300. Mwenzake hujibu: jedwali haliijui bunduki yako, nenda uwanja wa shabaha ukapige, uone mwenyewe. Hapa Marekani ubishi huu uliwahi kuligusa jeshi zima, na kisa chake kinafaa kusimuliwa.

Kwanza tuelewe jambo moja. Risasi haiendi kwa mstari ulionyooka. Ikishatoka mtutuni, uzito wake huivuta chini na hewa huipunguzia kasi. Mwaka 1638 Galileo alieleza umbo la njia ya kitu kinachorushwa, lakini hesabu yake iliiacha hewa pembeni. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha majaribio yake: alipiga risasi kwenye ubao mzito unaoning'inia, akapima ubao umesukumwa kiasi gani, na hivyo akapata kasi ya risasi. Aligundua kwamba hewa huizuia risasi kuliko wataalamu wa wakati wake walivyodhani. Tangu hapo majedwali mazuri yametokana na watu waliopiga kwanza, wakapima, ndipo wakaandika. Hata majedwali ya Kanali James Ingalls, yaliyotumika sana Marekani, yalitegemea majaribio ya kiwanda cha Krupp, Ujerumani, ya mwaka 1881.

Sasa tuje kwenye mwaka 1906. Jeshi la Marekani lilipokea risasi mpya kwa ajili ya bunduki ya Springfield. Ilikuwa nyepesi, kama gramu 9.7, yenye ncha kali, na ilitoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 820 kwa sekunde. Uwanjani ilipimwa hadi yadi 1,800, yaani kama mita 1,650. Kutoka hapo kwenda mbele ilikuwa makadirio tu. Makadirio hayo yakasema kwamba risasi inaweza kufika yadi 4,700, karibu mita 4,300. Namba hiyo ikaingia kwenye jedwali na kukaa humo sawasawa na namba zilizopimwa. Anayesoma hakuweza kuona mahali ambapo kipimo kiliishia na makisio yakaanza.

Kwa miaka kumi kosa hilo halikumsumbua mtu. Askari mwenye bunduki mkononi hamlengi adui aliye kilomita nne mbele yake. Lakini Marekani ilipoingia katika Vita Kuu mwaka 1917, ilikuta bombomu zinatumika kwa namna nyingine. Bombomu nyingi zilielekezwa juu kwa pamoja, zikamwaga risasi kama mvua upande wa pili wa kilima, mara nyingi juu ya vichwa vya askari wa upande uleule. Mpigaji hakuiona shabaha yake. Alichokuwa nacho ni ramani na jedwali.

Hapo ndipo ukweli ulipojitokeza. Risasi ya 1906 ilikuwa inaishia kati ya yadi 3,300 na 3,400, karibu mita 3,100. Majaribio yaliyofanywa baadaye Daytona Beach, Florida, yalithibitisha hivyo. Jedwali lilikuwa limezidisha kwa zaidi ya kilomita moja. Tufikirie maana yake: mpigaji anaamini risasi zake zinamwangukia adui, kumbe zinaanguka kabla ya kumfikia, upande ambao huenda wenzake wapo.

Jeshi likatengeneza risasi nyingine, iliyopokelewa mwaka 1926. Ilikuwa nzito zaidi, kama gramu 11.3, na mkia wake ulichongwa ukawa mwembamba ili hewa isiikamate. Hii ilifika kama yadi 5,500. Ajabu ni kwamba ilikwenda mbali mno. Viwanja vingi vya shabaha vya jeshi havikuwa na nafasi ya kutosha kuipiga kwa usalama. Basi mwaka 1938 jeshi likapokea risasi nyepesi, iliyofanana na ile ya 1906, kwa sababu askari wasingeweza kuwa hodari kwa risasi wasiyoweza kuifanyia mazoezi.

Je, kosa lilikuwa la jedwali? Kwa maoni yangu, hapana. Mpigaji wa bombomu asingeweza kufanya kazi bila jedwali, na mazoezi ya mita 300 yasingemwambia lolote kuhusu mita 3,000. Uwanja humfundisha mtu bunduki yake, siku hiyo, kwa umbali huo. Jedwali hukusanya viwanja vingi katika ukurasa mmoja. Kosa lilikuwa kuyaandika makisio kana kwamba ni vipimo.

Hata kompyuta haikuliondoa tatizo hili. ENIAC, iliyojengwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuonyeshwa hadharani mwaka 1946, ilibuniwa ili kukokotoa majedwali ya mizinga. Ilikokotoa kwa sekunde kazi iliyowachukua watu saa nyingi, lakini namba za ukinzani wa hewa ilizolishwa zilitoka kwenye majaribio ya kupiga. Wazee wetu husema utamu wa ngoma uingie ucheze. Jedwali huandikwa na waliokwisha kuicheza, na anayelisoma ana haki ya kuuliza walicheza mpaka wapi.