Kusuka, Kusokota na Kunyoa: Nywele Ndefu katika Msamiati wa Kiswahili na Historia ya Kenya

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kazi ya nywele kuliko kilivyo na majina ya nywele zenyewe. Husemwa kuchana, kusuka, kusonga, kusokota, kufumua, kunyoa, na kila kitenzi kina mahali pake. Lakini anayetaka jina la nywele ndefu zilizoachwa zikashikana na kuning'inia mabegani hana budi kukopa. Jina lililoenea siku hizi ni rasta, neno lililofika Afrika Mashariki kutoka ng'ambo, ilhali nywele za namna hiyo zilikuwapo Kenya kabla ya neno lenyewe kufika. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi pengo hilo lilivyotokea, na kwamba pengo la msamiati laweza kuwa na uzito wa kihistoria.

Yafaa kuanza na suka. Kitenzi hiki hakikuzaliwa kichwani, au angalau hakikubaki huko peke yake. Fundi wa mikeka huchana miyaa, akapata chane. Chane hizo huzisuka zikawa ukili. Na kili hushonwa zikawa mkeka. Kwa hiyo vitenzi viwili vilivyo vya msingi katika utunzaji wa nywele, yaani chana na suka, vinatumika pamoja katika kazi ya ukindu, na mikono inayofanya kazi hizo mbili imekuwa, kwa sehemu kubwa, mikono ya wanawake wale wale. Lugha imejitahidi kuwatenganisha: wa nywele ni msusi, wa mikeka huitwa zaidi msukaji. Mkulima naye ametoa neno lake, kwani misuko inayolala sambamba juu ya ngozi ya kichwa huitwa nchini Kenya matuta, kama matuta ya viazi. Tanzania uko mtindo uitwao twende kilioni, wa mistari michache minene inayosukwa upesi, kwa kuwa msiba haungoji mtu amalize kujipamba. Jina hilo moja lasema mengi kuhusu muda unaohitajika kwa misuko mingine yote.

Muda huo ndio uliokuwa kiini cha utunzaji wa nywele pwani. Nywele zilioshwa, zikapakwa mafuta ya nazi au ya ufuta ili zilainike, zikachanuliwa kidogo kidogo kutoka nchani kuelekea shinani, ndipo zikagawanywa na kusukwa. Asumini ilitungwa, na vikuba vya rehani vikatiwa nyweleni. Mwenye kusukwa aliketi chini, kichwa kikiwa magotini mwa msusi, na hapo yalizungumzwa mambo ambayo hayakuzungumzwa pengine. Lakini msamiati huo huo wa pwani una upande usiopendeza. Nywele ziligawanywa katika za singa na za kipilipili, na mgao huo haukuwa wa maumbile tu. Singa zilihusishwa na Mwarabu, Mhindi na Mzungu. Kipilipili kikaachiwa Mwafrika, tena mara nyingi kwa dharau. Mwanafunzi wa lugha asidhani kwamba maneno haya ni ya maelezo matupu. Ni maneno ya daraja.

Ukitoka pwani ukaelekea bara, nywele ndefu zinahama kutoka kwa mwanamke zikawa za mwanamume. Miongoni mwa Wamasai na Wasamburu, msichana na mwanamke aliyeolewa hunyoa. Anayefuga nywele ni morani. Kazi yake si ndogo. Nywele hugawanywa katika vishikizi vyembamba sana, kila kimoja kikasokotwa na kupakwa shahamu iliyochanganywa na udongo mwekundu ambao Wamasai huuita ol-karia. Misokoto ya nyuma hukusanywa ikafungwa kisogoni, na ile ya mbele huweza kushushwa kwenye paji la uso. Morani hawezi kujifanyia kazi hiyo mwenyewe. Humfanyia mwenzake wa rika, kisha mwenzake akamfanyia yeye. Kwa hiyo utunzaji wa nywele ni sehemu ya umoja wa rika, kama ulivyo ulaji wa nyama pamoja.

Hapa ndipo tofauti kati ya suka na sokota inapokuwa kubwa. Kusuka kwahitaji vishikizi vitatu au zaidi vinavyopishana, na kilichosukwa hufumuliwa: msuko ni wa wiki chache, kisha nywele hurudi kama zilivyokuwa. Kusokota ni kazi ya mshona nyavu na mfuma kamba. Uzi mmoja au miwili huzungushwa hadi ushikane. Msokoto wa nywele ukiachwa muda mrefu haufumuliki tena. Mwisho wake ni wembe. Na kwa morani wembe huo una siku yake: katika sherehe ya eunoto nywele hunyolewa, na anayenyoa ni mama mzazi wa kijana. Wapo mashujaa ambao hulia siku hiyo. Kunyoa, kwa maana hii, si kinyume cha kutunza nywele bali ni hatua yake ya mwisho, na jamii ndiyo inayoipanga.

Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, wapiganaji wa Jeshi la Ardhi na Uhuru waliingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Sababu ya kwanza ya nywele zao kurefuka ilikuwa nyepesi: msituni nyembe na sabuni zilikuwa adimu, na mtu anayewindwa hana nafasi ya kinyozi. Sababu ya pili ilikuja baadaye, nayo ni nzito zaidi. Nywele ziligeuka kuwa kalenda ya vita na alama ya kiapo, hata wapelelezi wa serikali waliotaka kujifanya wapiganaji walilazimika kuvaa nywele za bandia, na Wazungu miongoni mwao wakajipaka weusi. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 21, 1956, alipigwa picha akiwa amelazwa, pingu mikononi, misokoto yake ikionekana wazi. Picha hiyo ilisambazwa iwe ushahidi wa ushenzi. Kimathi alinyongwa Februari 18, 1957. Miaka 50 baadaye, mwaka 2007, sanamu yake ilizinduliwa jijini Nairobi katika barabara yenye jina lake, na fundi hakuiacha misokoto ile. Kilichokuwa hoja ya mshtaka kimekuwa pambo la shujaa.

Tofauti kati ya nywele za msituni na za morani ni kwamba za msituni hazikuwa na eunoto. Hakuna aliyejua siku ya kunyoa. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepata cheo cha fildimashali na kubaki msituni hadi uhuru wa mwaka 1963, hakunyoa hata baada ya bendera kupandishwa, kwa kuwa aliona yaliyopiganiwa hayajatimia. Alikaa na misokoto yake hadi Aprili 2022, ilipokatwa na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza. Alifariki Septemba 2023. Tendo lile lilifasiriwa kwa namna nyingi. Wako walioliona kuwa heshima iliyochelewa, na wako waliouliza kama deni lililowekwa kichwani mwaka ule wa vita lilikuwa limelipwa kweli. Swali la pili ndilo zito, kwa sababu katika mila za bara anayenyoa ndiye anayetangaza kwamba muda umekwisha. Wembe wa mama ni tamko.

Na jina? Ras ni neno la Kiamhara lenye maana ya kichwa, na pia cheo. Ras Tafari ndiye aliyetawazwa Novemba 2, 1930 kwa jina la Haile Selassie. Waumini wa Jamaika wakajiita kwa jina lake la awali. Kuhusu asili ya nywele zao, wanahistoria hawakubaliani: wengine huitaja mifano ya watawa wa Kihindi waliofika visiwani, wengine picha za wapiganaji wa Kenya zilizochapishwa magazetini katika miaka ya 1950. Ikiwa hao wa pili wana haki, basi nywele zilisafiri kutoka Nyandarua hadi Karibi, na muziki wa rege ukazirudisha kuanzia miaka ya 1970 zikiwa na jina la mfalme wa Habeshi. Kiswahili, ambacho tayari kilikuwa na rasi na rasilimali kutoka neno la Kiarabu la ukoo huo huo, kilipokea rasta na kulitandaza: leo kusuka rasta ni kusuka kwa nywele za bandia, jambo ambalo Mrastafari halisi hulikataa. Neno la kichwa limekuwa neno la nywele, kisha la nywele zisizoota kichwani.

Kukosa jina la heshima kuna gharama. Kanuni za shule nyingi za Kenya hudai nywele fupi na "nadhifu", na kilicho kirefu na kilichosokotwa huhesabiwa kuwa matimutimu, yaani kitu ambacho hakikutunzwa. Septemba 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba shule moja ya upili ilikosea kumfukuza mwanafunzi wa imani ya Rastafari kwa ajili ya nywele zake, kwani ilivunja haki yake ya elimu na ya dini. Uamuzi huo ulizilinda nywele kwa njia ya dini. Haukuhitaji kutaja morani anayeketi nusu siku akisokotwa na mwenzake.

Hata hivyo, katika vibanda vya kutengeneza nywele jijini, lugha imeanza kujirekebisha yenyewe. Mteja mwenye nywele za aina hiyo hasemi anakwenda kusukwa. Husema anakwenda kusokotwa. Kitenzi kilikuwapo siku zote, katika kamba na nyavu za wavuvi. Nomino msokoto nayo ipo tayari, na watungaji wa kamusi hawana sababu ya kuiacha ikiwa ya tumbaku tu.