Mwendo wa Siku Ngapi? London na Johannesburg kwa Njia ya Anga

Wazee wetu walipoulizwa mji fulani uko umbali gani, walijibu kwa kuhesabu siku: "Ni mwendo wa siku tatu." Neno mwendo lilibeba umbali na muda kwa pamoja, kwani miguu ya mwanadamu haikuvitenganisha. Ndege ndizo zilizovitenganisha kabisa, na yatufaa sisi walimu kutazama jinsi mambo yalivyokuwa.

Tuchukue London na Johannesburg. Kwa mstari ulionyooka angani, baina ya miji hiyo pana kilomita 9,000 hivi. Masafa hayo hayajapungua hata hatua moja; kilichopungua ni muda.

Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilifikisha njia yake Cape Town, kupitia bonde la Nile, Kisumu, Nairobi na Johannesburg. Safari nzima ilichukua zaidi ya siku kumi. Msafiri alipanda garimoshi sehemu fulani, akavuka bahari kwa ndege ya majini, kisha akaingia ndege ya nchi kavu. Na usiku alilala katika nyumba za wageni.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet iliondoka London na abiria 36. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya abiria wa kulipa nauli kwa ndege ya jeti. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ijapokuwa vituo hivyo viliirefusha njia hadi kilomita 10,800 hivi, ilifika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia.

Lakini wepesi huo ulikuwa na gharama yake. Tarehe 10 Januari 1954 ndege ile ile iliyofungua njia ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Mwezi Aprili Comet nyingine ikaanguka karibu na Naples, wakafa 21. Wataalamu wa Farnborough walitumbukiza kiwiliwili cha ndege ya namna hiyo katika tangi la maji, wakakisukuma kwa shinikizo mara maelfu, hata kikapasuka. Ikadhihirika kwamba chuma huchoka kama mwili uchokavyo. Comet iliyotengenezwa upya ilirudi kazini mwaka 1958.

Siku hizi ndege huruka moja kwa moja kwa muda wa saa 11 hivi, nayo hupita juu ya nchi zetu bila kutua.

Basi mwanafunzi aandikapo kwamba "umbali ni saa 11", tusimkemee upesi. Anasema kama wazee walivyosema. Tumwelekeze tu kwamba umbali ni wa ardhi, na muda ni wa chombo. Tena tumweleze kwamba saa zile zilizopunguzwa, wapo waliozilipia kwa roho zao.