Simba ya Marudiano: Tarehe Iliyosikika Kibaoni

Simba Sports Club haijawahi kutwaa kombe la Afrika hata moja. Hata hivyo huku Kibaoni, katika bonde hili la Mpimbwe, ukianzisha hadithi ya safari za Simba barani, watu watakesha nawe. Nimezisikiliza hadithi hizo tangu utotoni na nimefikia hukumu moja: tarehe ya Simba imeandikwa kwenye mechi za marudiano. Mechi ya kwanza huwa inatega tu. Ya pili ndiyo inayokata, mara kwa furaha ya kumfanya mtu mzima acheze barabarani, mara kwa msiba.

Mwanzo wake tuupitie haraka. Klabu ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1936, ikaitwa Queens, ikaitwa Eagles, ikakaa sana na jina la Sunderland. Kwa jina hilo ilitwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1965 na kuurudia 1966. Mwaka 1971 ikawa Simba. Wakati huo Mpanda, wilaya yetu, bado ilikuwa ndani ya Mkoa wa Tabora, na Kibaoni ilikuwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka makao ya klabu Mtaa wa Msimbazi. Gazeti lilisafiri kwa reli mpaka Tabora na Kaliua, likaingia Mpanda kwa njia ileile iliyojengwa kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, kisha likasubiri gari la kuvuka pori la Katavi. Likifika huku, bao lilikuwa limeshapoa.

Kwa hiyo mpira wetu ulikuwa wa redio. Siku ya mechi betri zilianikwa juani tangu asubuhi, juu ya bati au juu ya jiwe, ili zipate nguvu ya dakika tisini. Zikigoma zilitolewa, zikagongwagongwa pembeni mpaka zibonyee, zikarudishwa. Mwenye redio aliketi katikati akiwa ameshika antena kwa vidole viwili, na hakuna aliyeruhusiwa kukohoa wakati wa kona. Sauti za watangazaji wa Redio Tanzania kama Ahmed Jongo, na baadaye Charles Hilary, ndizo zilizokuwa macho yetu. Kuna wazee hapa wanaojua upande aliokimbilia winga fulani mwaka fulani, na hawajawahi kukanyaga Dar es Salaam.

Mwaka 1974 Mpanda ilitolewa Tabora ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Rukwa, na Katavi ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka huohuo Simba ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Njiani iliifunga Hearts of Oak kwao Accra mabao 2-1, wakaja kutoka suluhu Dar. Mehalla ya Misri nayo ilifungwa Dar 1-0. Marudiano Misri, Mehalla wakarudisha bao lao lile moja, na Simba ikatolewa kwa penalti. Aliyekuwa roho ya timu ile ni Abdallah Kibadeni, mtu mfupi wa kimo ambaye miaka mitatu baadaye, Julai 19, 1977, aliwafunga watani wa jadi Yanga mabao matatu peke yake katika ushindi wa 6-0. Siku hiyo haikuwa ya marudiano, lakini hakuna mwana Simba atakayekusamehe ukiiruka.

Halafu ikaja 1979, na hapa naomba nikae kidogo.

Simba ilipangiwa Mufulira Wanderers ya Zambia. Mechi ya kwanza ilichezwa Dar es Salaam, mbele ya watu wake, ikafungwa 4-0. Hebu fikiria maana yake. Timu imefungwa manne nyumbani, inapanda kwenda kwa walioifunga, na ili ipite inatakiwa kwanza iyarudishe yote manne. Hata watani wa Yanga walikuwa wameacha kucheka, wakaanza kuona huruma. Kule Lusaka Thuwein Ally akafunga matatu, George Kulagwa akafunga mawili, na Mufulira hawakupata kitu. Tano bila. Wazee wa Kibaoni wanasema matokeo yaliposomwa redioni watu waliduwaa, wakasubiri msomaji ajisahihishe. Zambia si nchi ya mbali kwetu. Mpaka wa Kasesya uko ng'ambo ya Sumbawanga tu, na kwa watu wa huku ilikuwa kama Simba wamekuja kushinda uani kwetu. Raundi iliyofuata Racca Rovers ya Nigeria wakawatoa, na karibu kila mtu amekwishasahau. Mimi nasema wazi: katika miaka yote ya klabu hii, siku ya Lusaka ndiyo kubwa kuliko zote, hata kuliko sita zile za Yanga. Yanga ni jirani, mnakutana kila mwaka. Kutoka nyuma kwa manne, ugenini, hutokea mara moja kwenye maisha ya klabu.

Mwaka 1993 Kibadeni alirudi, safari hii kama kocha, na Simba ikafika fainali ya Kombe la CAF. Mechi ya kwanza Abidjan, dhidi ya Stella, ilikwisha 0-0. Nchi nzima ikahesabu kombe. Kutoka suluhu Ivory Coast, kisha kumalizia Dar es Salaam, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa jukwaani, nani angewaza vinginevyo? Golini alikuwa Mohamed Mwameja, kipa ambaye watu walimwamini kama ukuta. Boli Zozo wa Stella akafunga, akafunga tena. Mbili bila. Kibaoni msemo wa "Stella" ulibaki na maana ya sherehe iliyopikwa chakula kikamwagika mlangoni. Wapo waliozima redio kabla ya filimbi ya mwisho, jambo lisilo na adabu katika kijiji ambacho betri ni mali ya wote siku ya mechi.

Miaka kumi baadaye marudiano yalilipa deni. Agosti 2003 Zamalek walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Dar, Emmanuel Gabriel aliwafunga 1-0. Cairo wakarudisha, ikabidi penalti. Kipa Juma Kaseja akapangua, Christopher Alex akapiga ya mwisho, ikatinga wavuni. Simba ikaingia hatua ya makundi, bingwa mtetezi akabaki nyumbani kwake. Christopher Alex alifariki mwaka 2012, na nadhani nchi haikumpa heshima inayolingana na mkwaju ule.

Kuanzia hapo redio ilipata mshindani. Vikaja vibanda umiza: turubai au chumba cha bati, king'amuzi, luninga iliyoinuliwa juu, mabenchi ya mbao, na kiingilio mlangoni. Ndani ya vibanda hivyo tulimwona Clatous Chama akiwatoa Nkana ya Zambia Desemba 2018, Simba ikiwa imefungwa 2-1 Kitwe, ikashinda 3-1 Dar. Machi 2019 Chama huyohuyo akafunga dakika za mwisho dhidi ya AS Vita, timu iliyotufunga tano Kinshasa, na Simba ikaingia robo fainali. Mei 2021 Kaizer Chiefs walitufunga 4-0 Johannesburg, na waliokumbuka Lusaka walikuja kibandani wakiwa na imani kamili. John Bocco alifunga mawili, Chama moja. Tatu. Lilikosekana moja tu. Oktoba mwaka uleule, baada ya kushinda 2-0 Botswana, Simba ilifungwa 3-1 na Jwaneng Galaxy palepale Uwanja wa Mkapa ikatolewa kwa bao la ugenini. Orlando Pirates 2022, Wydad 2023, zote mbili ushindi wa 1-0 nyumbani, kipigo cha 1-0 ugenini, na penalti zikatunyima.

Aprili 2025 Al Masry walishinda 2-0 kwao Misri. Marudiano Dar, Simba ikarudisha mawili yote, na kipa Moussa Camara akamaliza kazi kwenye penalti. Stellenbosch nao wakatolewa nusu fainali, na kwa mara ya kwanza tangu Stella tukawa tena na fainali, ya Kombe la Shirikisho, dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Ugenini 2-0. Marudiano Mei 25, Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Joshua Mutale alifunga mapema, dakika ya 17, na kwenye kibanda hapa benchi moja lilivunjika kwa watu kusimama juu yake. Bao la pili halikuja. Dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha, 1-1, kombe likaenda Morocco.

Tangu siku hiyo Kibaoni kuna ubishi kati ya wazee na vijana, kipi kiliuma zaidi, Stella au Berkane. Vijana wanasema Berkane, kwa kuwa waliiona kwa macho. Mimi niko na wazee. Kwa Berkane tulikwenda Amaan tukiwa nyuma kwa mawili, na kila mtu alijua mlima ulivyo. Kwa Stella tulikuwa sawasawa, nyumbani, dakika tisini tu, na bao moja lingetosha.