Ushanga wa Maniema: Mali ya Safari, Pambo la Kwetu

Sisi watu wa Maniema tunapotunga shanga, tunashika mkononi kitu kilichotoka mbali. Kioo chake hakikutoka kwetu. Katika karne ya 19 mafundi wa Murano, karibu na Venezia, walitengeneza ushanga mwekundu ulioitwa samisami. Wale wa Bohemia wakachonga kioo pande-pande ili king'ae. Shanga zikafika Unguja, wapagazi wakazibeba kwa miguu, Tabora, Ujiji, mpaka Nyangwe na Kasongo. Ile ndiyo ilikuwa falanga ya safari: ililipia chakula na pembe za tembo, hata watu.

Tusifiche jambo hili. Tarehe 15 Julai 1871, soko la Nyangwe likiwa limejaa watu, wamama wengi, watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki. Livingstone alikuwa pale. Aliandika kwamba waliokufa walipita 300.

Lakini mababu hawakuacha ushanga ubaki mali ya mfanyabiashara tu. Kwa Walega wa Pangi uliingia pamoja na kauri katika kofia na mikanda ya bwami, kila daraja na pambo lake. Asiyepewa daraja hakuvaa. Wabelgiji walipiga marufuku bwami mwaka 1948, nayo haikufa.

Basi mama, ukimfundisha mtoto kutunga, usimwonyeshe uzi, rangi na fundo tu. Mwambie pia njia ambayo ushanga ulipita. Pambo bila habari yake ni kioo tu.